Uwanja wa Dzaleka na Safari ya Lilongwe

Uwanja wa kandanda wa Dzaleka hauna ukuta, hauna jukwaa, na kiangazi kinapokolea hauna hata jani la kukanyaga. Ni kipande cha ardhi nyekundu kilichokanyagwa kikakanyagika, chenye milingoti miwili kila upande, na nyavu hufungwa siku ya mechi kubwa tu ili zisichakae kabla ya wakati. Hata hivyo, Jumamosi ikifika saa tisa alasiri, uwanja huo huzungukwa na umati ambao viwanja vingi vyenye viti vya rangi havijapata kuuona. Watoto huketi mstari wa mbele, miguu imenyooshwa karibu na chaki. Wazee husimama nyuma yao mikono ikiwa mgongoni. Akina mama hupanga beseni na ndoo za vitafunwa nyuma ya goli, mahali ambapo mpira uliokosa lengo huwafikia mara kwa mara na kuzua ugomvi usiodumu.

Dzaleka yako katika wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 kaskazini ya Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Kabla ya kufunguliwa kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1994, palikuwa gereza. Wala si gereza la wezi wa kuku, bali la watu walioshukiwa kwa ajili ya siasa zao katika enzi ya Rais Kamuzu Banda. Jina lenyewe husemwa kwamba limetokana na maneno ya Kichewa yenye maana ya "sitarudia tena", yaani yale ambayo mfungwa alitakiwa kuyatamka. Mrundi afikaye hapo hahitaji mkalimani wa kumweleza, maana kwao kuacha jambo ni kureka, na Msukuma naye atakwambia ni kuleka. Ni ajabu ya lugha zetu kwamba mtu aweza kuvuka mipaka mitatu akikimbia vita, akafika ugenini, na neno la kwanza analolielewa likawa ni lile la gereza.

Mahali hapo palikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Idadi yao sasa imepita 50,000. Walio wengi wametoka Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, na wamo pia Waethiopia na Wasomali. Sokoni, kisimani na uwanjani, lugha iwaunganishayo wengi wao ni Kiswahili, Kiswahili cha Bukavu na Uvira kilichochanganyika na Kifaransa, kikakutana na kile cha Bujumbura, kisha kikaazima maneno ya wenyeji. Radio ya makazi yenyewe inaitwa Yetu. Tamasha kubwa linalofanyika hapo, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi wa Kikongo Trésor Mpauni, ajulikanaye jukwaani kwa jina la Menes La Plume, linaitwa Tumaini. Siku za tamasha hilo watu wa Lilongwe huja kwa maelfu kusikiliza muziki na kutazama ngoma, na wengine hulala katika nyumba za wakimbizi wenyewe, wakala bugali na sombe, ambayo wasomaji wa mwambao wanaifahamu kuwa ni kisamvu. Hata anayefika siku ya kawaida hakosi cha kutazama: washonaji wa vitenge, vinyozi, wauza kahawa, na wanakwaya wanaofanya mazoezi chini ya mti.

Lakini kivutio cha kila wiki ni mpira. Hapo tofauti ya lugha huwa ndogo kuliko mahali pengine popote, kwani Mchewa husema mpira kama Mswahili, na Mrundi husema umupira. Vijana wa vijiji jirani vya Dowa huja bila kualikwa, hucheza, hushangilia, hununua maandazi, ambayo wao huyaita mandasi, na hurudi kwao jua likizama. Timu ya Dzaleka Future imewahi kucheza katika ligi ya Kanda ya Kati. Ziko nyingine nyingi zisizosajiliwa popote, za mtaa, za kanisa, za shule, na mojawapo ndiyo inayohusika na habari hii: timu ya wanafunzi wa chuo.

Msomaji asishangae kusikia habari za chuo ndani ya makazi ya wakimbizi. Tangu mwaka 2010, kwa juhudi za mapadre Wajesuiti, vijana wa Dzaleka wameweza kusoma masomo ya chuo kikuu kwa njia ya kompyuta, wakifundishwa na walimu walio mbali sana, na stashahada za mwanzo zilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha mjini Denver, Marekani. Ni chuo kisicho na bweni wala uwanja wake. Mwanafunzi humaliza kuandika insha atakayoisoma mwalimu wa ng'ambo, kisha hufunga kamba za viatu na kwenda kugombea gozi la ng'ombe pamoja na mchoma mkaa na fundi baiskeli. Ikiwa kila chuo lazima kiwe na uwanja wake, basi huo wa vumbi jekundu ndio wao.

Mlinda lango wa timu hiyo mwaka 2024 alikuwa kijana wa miaka ishirini, mzaliwa wa Uvira, aliyeletwa Malawi akiwa mtoto kupitia Kigoma, Mbeya na Karonga. Mama yake ni mmoja wa wale wauzao nyuma ya goli. Kwa kuwa mwanawe ndiye alindaye goli hilo nusu ya mchezo, mama huyo huhamisha ndoo yake kila kipindi, ili awe upande wa pili, asione. Siku moja kijana alimwuliza sababu.

"Mama, mbona wakimbia goli langu?"

"Baba, nikikaa nyuma yako nitaunguza maandazi kwa kukutazama. Na huo mkono ukivunjika, nani atanichotea maji?"

"Mlinda lango hachezi kwa hofu, mama."

"Na muuza maandazi hauzi kwa hofu. Ndiyo maana nahama."

Juu ya maandazi hayo inafaa kusema machache, maana kina mama wengi watayafurahia. Bei ya unga wa ngano ilipopanda, mama huyo hakuacha biashara wala hakuyapunguza maandazi hadi yakawa kama vifungo vya koti, kama wafanyavyo wengine. Aliiga zitumbuwa za Wamalawi. Huchukua ndizi zilizoiva kupita kiasi, zile zilizokwisha kuwa na madoa meusi na ambazo mchuuzi huziuza kwa bei ya kutupa, akazimenya na kuziponda kwa mkono mpaka zikawa uji. Hutia chumvi kidogo na unga wa mahindi uliochekechwa vizuri, akakoroga mpaka mchanganyiko ukaweza kuanguka kutoka kwenye kijiko kwa uzito, si kwa kutiririka. Sukari haihitajiki, au huhitajika kidogo sana, kwa sababu ndizi yenyewe ni tamu. Mafuta yawe ya moto wa kadiri. Yakiwa makali mno nje huungua na ndani hubaki mbichi. Siri yake, asemavyo mwenyewe, ni kuuacha mchanganyiko upumzike nusu saa chini ya kitambaa. Wachezaji huzipenda kuliko maandazi ya ngano kwa kuwa hukaa tumboni kwa muda mrefu.

Maandazi, hata hivyo, hayakuwa kazi yake ya asili. Mama huyo ni mshonaji. Kwa miaka mingi familia yake iliishi Lilongwe, katika mtaa wa watu wa kawaida, wakiwa na kijiduka kidogo na cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, iliweka masharti yake, na mojawapo lilihusu uhuru wa wakimbizi kwenda na kukaa watakako. Kisheria basi walitakiwa kuishi kambini. Kwa muda mrefu sharti hilo halikutiliwa mkazo, na wengi walipanga vyumba mijini, wakafungua maduka, wakasomesha watoto. Mwaka 2023 serikali ilitoa amri kwamba wote warejee Dzaleka kabla ya tarehe 15 Aprili, na kuanzia Mei amri hiyo ikatekelezwa kwa nguvu. Zilitolewa sababu za usalama na za biashara. Zilitolewa pia hoja za kupinga, mahakamani na nje ya mahakama. Kwa mama huyo jambo lilikuwa dogo zaidi na kubwa zaidi: aliondoka asubuhi moja na watoto, godoro na sufuria, na cherehani ikabaki kwa jirani yake Mmalawi, kwa kuwa gari halikuwa na nafasi na muda wa kubishana haukuwapo.

Ndipo ulipofika mwaliko. Chuo kimoja cha Lilongwe kiliitaka timu ya wanafunzi wa Dzaleka kwa mechi ya kirafiki. Mwalimu wa timu, ambaye siku za kazi hufundisha shule ya msingi, alipeleka majina ofisini kuomba ruhusa ya kutoka. Aliandika wachezaji kumi na sita, yeye mwenyewe, na wapishi wawili. Aliulizwa kwa nini timu ya mpira ihitaji wapishi. Akajibu kwamba vijana kumi na sita hawawezi kula hotelini kwa fedha iliyochangwa, na kwamba atakayepika lazima ajue mji, maana kuni na maji havipatikani kwa kuuliza kila mpita njia. Hoja hiyo ikakubaliwa. Jina la mama wa zitumbuwa likawa la kumi na nane.

Waliondoka alfajiri katika basi dogo la kukodi, wamebeba sufuria ya wali, maharage, usipa wa kukaanga, ambao ni ndugu wa dagaa, na madumu mawili ya maji. Kutoka Dowa barabara huungana na ile kuu ya M1 iendayo kusini, ikapita mashamba ya mahindi na tumbaku, kisha Lumbadzi karibu na Uwanja wa Ndege wa Kamuzu. Wamalawi huuita uwanja wa ndege bwalo la ndege, na uwanja wa mpira bwalo la mpira, na hata mahakama kwao ni bwalo la milandu. Vijana walicheka sana mwalimu alipowaeleza kwamba refa na hakimu hufanya kazi katika bwalo moja. Mama hakucheka. Alikuwa akihesabu vituo.

Wengi wa wachezaji hao hawakuwa wamewahi kukaa mjini, na kila mmoja alikuwa na lake la kutaka kuona. Dereva akakubali kuzunguka kidogo. Walianza na Uwanja wa Taifa wa Bingu, uliojengwa kwa mkopo wa China na kufunguliwa mwaka 2017, ukiwa na nafasi ya watazamaji wapatao 41,000. Waliutazama kutoka nje ya ua. Vijana wawili wakahesabu kwa sauti na kugundua kwamba wakazi wote wa Dzaleka wasingeenea humo. Wengine walisifu ukubwa wake, mmoja akaigiza bao la mbali la Gabadinho Mhango dhidi ya Morocco, siku ile ya Januari 2022 Malawi ilipocheza kwa mara ya kwanza hatua ya mtoano ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Mama peke yake aliukumbuka uwanja huo kwa jambo jingine. Tarehe 6 Julai 2017, Sikukuu ya Uhuru, kulikuwa na mechi ya bure kati ya Nyasa Big Bullets na Silver Strikers, na watu wanane, karibu wote watoto, walikufa katika msongamano wa kuingia. Mwanawe alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye alikuwa amemnyima ruhusa asubuhi ile kwa sababu ndogo tu, hakuwa amefua sare ya shule. Jioni habari zilipofika, kijana mwenyewe alikwenda kuifua bila kuambiwa.

Kutoka hapo walipelekwa penye kaburi la Kamuzu Banda, karibu na mtaa wa wizara na Bunge. Hilo ni jengo la marumaru lililofunguliwa mwaka 2006, lenye nguzo nne zilizobeba maneno yaliyokuwa misingi ya utawala wake: Umoja, Uaminifu, Utii na Nidhamu. Ni huyo huyo aliyeutoa mji mkuu Zomba na kuuleta Lilongwe mwaka 1975, akaupangia mitaa yenye nambari badala ya majina. Mgeni akidhani nambari hizo zimepangwa kwa kufuatana atatembea mpaka achoke, kwa kuwa nambari hizo zilifuata utaratibu wa mafundi wa ramani, wala si wa mtembeaji. Na ni katika enzi yake huyo huyo gereza la Dzaleka lilijaa. Mwalimu wa timu alisoma maneno ya nguzo moja baada ya nyingine kwa sauti, kama asomavyo darasani. Alipofika "Nidhamu" alinyamaza kidogo, kisha akawaambia vijana wapande basi, muda unakwisha.

Msitu uliopo katikati ya mji, ng'ambo ya mto Lingadzi, hawakuingia. Humo mna Kituo cha Wanyama cha Lilongwe, mahali ambapo nyani, tumbili na wanyama wengine waliokamatwa mikononi mwa wauzaji haramu hutibiwa na kutunzwa, na wageni huongozwa kwa miguu katika njia za msituni. Kiingilio kwa watu kumi na tisa kingemaliza fedha ya mafuta ya gari. Yafaa kusemwa tu kwamba mzazi akaaye Lilongwe na asiyewahi kumpeleka mtoto wake hapo ana deni, kwani ni vigumu kupata mji mkuu mwingine ambamo mtoto aweza kutoka sokoni na baada ya muda mfupi akasimama chini ya miti mikubwa akisikiliza nyani.

Wachezaji wakateremshwa chuoni kupumzika, na mpishi wa pili akabaki na sufuria. Mama akapewa saa mbili.

Alikwenda Mji wa Zamani, upande wa soko kuu, akavuka mto Lilongwe kwa daraja la mianzi. Madaraja hayo ni ya kuona. Hujengwa na watu binafsi kwa mianzi na mbao, mvukaji hulipa senti chache, na mvua kubwa zikija mto huyachukua, yakajengwa tena. Alipita Bwalo la Njovu, uwanja wa ndovu, ambapo sasa hakuna ndovu bali malori na maduka ya jumla. Kijiduka chake alikikuta kimepakwa rangi ya bluu na mtu mwingine akiuza vocha za simu. Hakusimama.

Jirani yake alikuwa barazani akichambua maharage. Walitazamana kwa muda.

"Amayi," alisema jirani, akainuka. "Muli bwanji?"

"Ndili bwino, kaya inu?"

Wakashikana mikono kwa heshima ya Kichewa, magoti yamekunjwa, na wote wawili wakabaki hivyo muda mrefu kuliko desturi inavyotaka. Kisha jirani akasema jambo ambalo yaelekea alikuwa amelipanga kwa mwaka mzima. Meza ya cherehani, pamoja na miguu yake ya chuma, aliiuza. Kodi ya miezi mitatu ilikuwa imemwelemea na mumewe hakuwa na kazi. Kichwa cha mashine hakukiuza. Akaingia ndani, akatoka amekibeba kama mtoto mchanga, kimefungwa katika chitenje, na alipofungua, chuma chake kilikuwa kimepakwa mafuta. Kila mwezi alikuwa akikipaka.

Mama hakuuliza meza iliuzwa kwa kiasi gani. Kuna watu watakaomwona mjinga kwa hilo, na watasema kwamba mali ni mali na udugu ni udugu. Lakini aliyekwisha kuacha vitu kwa majirani, Uvira, kisha Kigoma, kisha Lilongwe, anajua hesabu nyingine: kati ya vyote alivyopata kuviacha nyuma, hiki ndicho cha kwanza kumrudia. Aliketi, akasaidia kuchambua maharage yaliyosalia, wakaulizana hali za watoto kwa majina. Alipoondoka, jirani alimsindikiza mpaka darajani, akibeba yeye kichwa cha mashine, na akalipa nauli ya kuvuka ya wote wawili.

Uwanja wa chuo kile ni mdogo, wala hautajwi katika magazeti. Una jukwaa moja la saruji lenye ngazi chache, paa la mabati juu ya ngazi za katikati, na nyuma yake chumba cha kubadilishia nguo chenye mabomba mawili. Vijana wa Dzaleka walikaa katika chumba hicho muda mrefu mpaka mwalimu akaenda kuwaita. Aliwakuta wamepanga foleni kwenye bomba, wanafungua na kufunga, wananawa miguu iliyokwisha kunawa. Kwao maji ni ndoo na zamu kisimani. Maji yanayotoka ukutani saa yoyote mtu atakapo, tena kwa ajili ya mpira tu, yaliwashangaza kuliko marumaru ya Kamuzu.

Na majani nayo yaliwaponza. Mtu aliyezoea uwanja mgumu hupiga pasi kwa kipimo cha uwanja mgumu. Katika vumbi mpira hukimbia wenyewe; katika majani huchoka njiani. Kwa dakika ishirini za kwanza kila pasi yao ilikufa kabla ya kufika, na wenyeji wakawa wanaiokota kama embe. Bao la kwanza liliingia kwa kosa la aina hiyo hiyo: kijana golini aliruka mapema, akitazamia mpira udunde juu kama udundavyo kwao penye vishimo, lakini ulipita chini ya kifua chake, umetulia, kana kwamba umekwenda kumtembelea mtu. La pili likafuata kabla ya mapumziko.

Wakati huo mama alikuwa amefika, amekaa ngazi ya mwisho chini ya paa, mzigo wake mapajani. Hakukuwa na nyuma ya goli pa kuhamia. Ilibidi atazame.

Kipindi cha pili walikwisha kujifunza. Walipiga pasi fupi na nzito, wakamwacha winga wao Mnyarwanda, kijana mwembamba asiyesema sana, akimbie na mpira mguuni badala ya kuusukuma mbele. Walirudisha bao moja, kisha la pili kwa kichwa, na wanafunzi wenyeji jukwaani, kwa uungwana unaostahili kutajwa, wakawapigia makofi. Kijana golini alipangua mara tatu mipira ambayo katika vumbi la nyumbani asingeiona. Dakika tano kabla ya kipenga cha mwisho wenyeji wakapata kona, na msukumano ukazaa bao la tatu. Mechi ikaisha 3–2. Wachezaji walibadilishana jezi na wenyeji, isipokuwa mlinda lango, kwa kuwa jezi yake ilikuwa ya kuazima.

Walikula wali na usipa pamoja na wenyeji, wamekaa majanini. Zitumbuwa zilikwisha kabla ya wali. Mwanafunzi mmoja wa Lilongwe, akiwa na kinywa kimejaa, aliuliza kama zinauzwa wapi mjini. Akaambiwa ni Dzaleka, Jumamosi saa tisa, nyuma ya goli. Akasema atakuja. Hakuna aliyemwambia kwamba kwake yeye safari hiyo haihitaji karatasi.

Walirudi jua likizama. Penye kituo cha ukaguzi basi lilisimamishwa, karatasi ikasomwa kwa kurunzi, watu wakahesabiwa: kumi na tisa walitoka, kumi na tisa walirudi. Askari aligusa furushi la chitenje mapajani mwa mama, akauliza ni kitu gani. Akaambiwa ni cherehani. Akauliza meza iko wapi. Akaambiwa haipo. Akaruhusu basi lipite.

Fundi seremala wa makazi alitaja bei ya meza mpya, na bei hiyo ni zitumbuwa za miezi mingi. Kwa sasa kichwa cha mashine kimewekwa juu ya sanduku la mbao karibu na mlango, penye mwanga. Mama huzungusha gurudumu kwa mkono wa kulia na kusukuma kitambaa kwa wa kushoto. Ni kazi ya polepole, na mshono huenda upande akichoka. Jioni kijana wake akirudi kutoka darasani humshikia gurudumu. Kazi ya kwanza waliyoimaliza hivyo ilikuwa jezi ya mlinda lango, ya kijani, yenye mikono mirefu.